Kikosi cha vijana nilifunga mabao 23, kwa wakubwa nasugua benchi

Shikamoo, Mwalimu.

Mimi ni mshambuliaji wa kati mwenye umri wa miaka 19. Msimu uliopita nilikuwa katika kikosi cha vijana cha klabu yangu, nikafunga mabao 23 katika mechi 26, na kabla ya msimu huu kuanza nilipandishwa kikosi cha kwanza kwa mkataba wa miaka mitatu. Siku ile niliamini kwamba kazi ngumu imekwisha. Sasa tumecheza mechi 19, na hesabu yangu yote ni hii: nimekaa benchi mechi 13, nimeingia uwanjani katika tano kati ya hizo, na nikijumlisha dakika zote nilizocheza napata 41. Sijafunga hata bao moja.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mazoezini nafunga. Tukigawanywa timu mbili mimi hufunga karibu kila siku, tena mbele ya macho ya kocha mkuu, lakini orodha ya kikosi ikitoka, anayeanza ni mshambuliaji wetu mkongwe mwenye miaka 32, ambaye msimu huu ana mabao manne tu. Nimemwuliza kocha mara mbili ni lini nitacheza. Mara zote mbili alinijibu kwamba nisubiri, wakati wangu utafika, kisha akaendelea na shughuli zake. Tangu mwezi uliopita ameanza kunipanga winga ya kulia mazoezini, nafasi ambayo sijawahi kuicheza, nami naona ni njia ya kuniambia kwa upole kwamba katikati hanihitaji.

Kuna mechi moja niliingia dakika ya 84 tukiongoza 1-0. Nilibaki juu nikisubiri mpira wa kukimbilia, kwa sababu kazi yangu ni kufunga, lakini mpira haukuja, na wapinzani wakapiga krosi wakasawazisha. Tangu mechi hiyo nimepewa dakika tatu tu.

Nimeamua kujiongezea bidii. Kila usiku, wenzangu wakishaondoka, narudi uwanjani peke yangu na kupiga mashuti yasiyopungua 100. Kwa wiki tatu sasa msuli wa nyuma ya paja la kushoto unanivuta nikikimbia kwa kasi, lakini sijamwambia daktari wa timu, kwa kuwa nikitolewa mazoezini hata nafasi ya benchi nitaipoteza.

Juzi amenipigia wakala mmoja akinishauri nisuse mazoezi ili klabu iniachie. Anasema zipo kanuni za FIFA zinazomruhusu mchezaji asiyepangwa kuvunja mkataba, na kwamba ana timu ya nje inayonisubiri. Mama yangu naye hunipigia simu kila baada ya mechi kuuliza kama nimecheza, na siku hizi nimeanza kutopokea simu zake. Naomba uniambie kweli, Mwalimu. Nisubiri, niombe kwenda kwa mkopo, nikubali kuwa winga, au niondoke?

Mshambuliaji wa benchi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nitaanza na jambo ulilolitaja kwa sentensi moja tu, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri: paja lako.

Msuli wa nyuma ya paja ndio unaokunja goti na kusaidia kuusukuma mwili mbele, lakini kazi yake ngumu kuliko zote huifanya unapokimbia kwa kasi ya juu kabisa, pale mguu unapokuwa umerushwa mbele na unakaribia kukanyaga ardhi. Katika nukta hiyo msuli unavutwa kuwa mrefu, na wakati huohuo unatakiwa kuuzuia mguu usiendelee kwenda mbele, kama breki inayoshikwa gari likiwa katika mwendo mkali. Hapo ndipo unapochanika, na ndiyo sababu jeraha hili linaongoza miongoni mwa majeraha ya misuli katika soka la kulipwa, hasa kwa watu wa nafasi yako, ambao kazi yao ni mbio fupi za ghafla. Ubaya wake mwingine ni tabia ya kurudi. Msuli ulioumia ukarudishwa uwanjani kabla haujapona huwa mwepesi wa kuumia tena, na mara ya pili mara nyingi huwa mbaya kuliko ya kwanza. Maumivu yako yana wiki tatu. Yakishughulikiwa sasa huenda yakakugharimu siku chache, au wiki mbili tatu. Ukiyaficha hadi msuli uchanike, utahesabu miezi, na hakuna kocha atakayekuwekea namba kwa miezi hiyo.

Kwa hiyo mashuti ya usiku yasimame leo. Kesho, kabla ya mazoezi, nenda kwa daktari wa timu umweleze ukweli wote, pamoja na idadi ya wiki na pamoja na hayo mashuti 100, kwa maana mguu unaopiga shuti kwa nguvu huuvuta msuli huohuo unaokuuma. Usimwambie kwamba yameanza jana. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikicheza nilificha maumivu ya kifundo cha mguu kwa kuogopa kupoteza nafasi yangu, nikaishia kupoteza msimu mzima, na hadi leo kifundo hicho hunikumbusha kila ninapopanda ngazi. Sitaki yakupate. Ukishapona, mwombe daktari akuingizie zoezi la Nordic, lile la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo, nawe ukauteremsha mwili mbele polepole kadiri unavyoweza kujizuia. Ni zoezi chungu, lakini limethibitika kupunguza majeraha ya msuli huu, na linahitaji dakika chache tu kwa wiki.

Sasa tuje uwanjani. Uliniandikia kwa kirefu kuhusu mabao ya mazoezini, ukaandika kwa kifupi kuhusu ile dakika ya 84, kana kwamba ni bahati mbaya iliyopita. Mimi naona kwamba jibu la barua yako nzima limo humo.

Fikiria kocha alikuwa akitazama nini. Timu inaongoza kwa bao moja, zimebaki dakika sita na za nyongeza, wachezaji wamechoka, na yeye anaamua kumwingiza kijana wa miaka 19. Hakukuingiza ili ufunge bao la pili, ingawa angelifurahia sana. Alikuingiza kwa sababu ulikuwa na mapafu mapya, akitaka mtu wa mbele atakayeukaba mpira tangu kwa mabeki wao. Sikuiona mechi hiyo, lakini nimeziona za namna hiyo nyingi, na krosi za dakika za mwisho kwa kawaida huanzia mbali na mtu anayezipiga. Beki wa kati anaupokea mpira bila kusumbuliwa na yeyote, anainua kichwa, anachagua upande anaoupenda, anampata kiungo au beki wa pembeni akiwa na nafasi, na kuanzia hapo walinzi wako wanakimbilia kuziba tundu ambalo wewe ulikuwa wa kwanza kuliacha wazi. Ungesimama kati ya beki yule na kiungo wake wa kukaba, ukamlazimisha apeleke mpira upande mmoja, kisha ukamfuata, huenda krosi ile isingepigwa, au ingepigwa kutoka mbali zaidi na chini ya shinikizo. Zaidi ya hayo, mshambuliaji anayejua kazi yake, timu yake ikiwa inaongoza dakika ya 88, huupeleka mpira kwenye kona ya mbali, huuweka mwili wake kati ya mpira na mlinzi, na hupata faulo au mpira wa kurusha. Hilo halimpatii bao, lakini linawapa wenzake pumzi ya nusu dakika, na walinzi hawalisahau.

Wewe uliandika kwamba kazi yako ni kufunga. Ni kweli, ila ni sehemu ya ukweli. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, Ufaransa ilitwaa ubingwa ikiwa na Olivier Giroud mbele, na katika mechi zote saba alizocheza hakupiga hata shuti moja lililolenga lango. Alianza sita kati ya hizo. Kocha wake, Didier Deschamps, hakuwa amepofuka. Alimhitaji mtu wa kupokea mipira mirefu akiwa ameupa mgongo lango, kuwashughulisha mabeki wawili kwa pamoja, na kuwafungulia njia Kylian Mbappé na Antoine Griezmann. Sasa mtazame upya huyo mkongwe wenu mwenye mabao manne. Usiyahesabu mabao yake. Hesabu mipira anayoituliza kiungo wenu akiwa amebanwa, faulo anazozipata katikati ya uwanja, na mara anazorudi kusaidia kwenye kona za wapinzani, akisimama mlingoti wa karibu na kuondoa mpira kwa kichwa. Fanya hesabu hiyo kwa mechi mbili ukiwa benchi, kisha jiulize kama mambo hayo wewe unayafanya, na kwa kiwango gani. Na kama mna maelewano, kaa karibu naye. Mchezaji wa miaka 32 anajua kwamba yupo atakayekuja kuichukua jezi yake, na wengi wao, wakiombwa kwa heshima, hufundisha kwa moyo mkunjufu kuliko vijana wanavyodhani.

Hapo ndipo unapoona kwa nini mabao ya mazoezini hayakupi namba. Kocha ameshakuona ukifunga; hana shaka na hilo, na ndilo lililomfanya akupandishe. Shaka yake ni kama timu itabaki salama pindi wewe ukiwa ndani na mpira ukiwa kwa wapinzani. Swali hilo hujamjibu bado, na katika nafasi pekee uliyopewa kulijibu mkiwa na bao la kulinda, jibu lilikuwa baya.

Nenda ukaonane naye tena, lakini usimwulize lini. Neno hilo linamtaka atoe ahadi ambayo hawezi kuitimiza, kwa hiyo hukujibu kwa kukwepa, na mimi katika miaka yangu ya kufundisha nimewajibu vijana wengi "subiri" kwa sababu hawakuniuliza kitu kingine. Mwombe dakika kumi kupitia kocha msaidizi, katika siku isiyo ya mechi, na isiwe saa ile orodha imetoka na moyo wako umechafuka. Anza kwa kukiri, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba katika mechi ile ulikosea kubaki juu. Kisha mwulize: "Mwalimu, tukiwa tunaongoza kwa bao moja dakika ya 80, ni kitu gani ungependa kuniona nikikifanya ambacho bado hujakiona?" Nyamaza umsikilize. Usijitetee, usitaje jina la mchezaji mwingine, usikumbushie mabao 23. Atakapokutajia mambo mawili au matatu yaandike, na umwombe ruhusa ya kurudi kwake baada ya wiki sita ili akuambie kama umesogea. Kocha aliyekupa orodha kwa kinywa chake atajikuta anaitafuta mazoezini bila kukusudia.

Kuhusu mazoezi ya ziada, nia yako ni njema lakini unafanya mazoezi ya jambo ambalo halitokei. Ukiwa peke yako usiku unaweka mpira, unarudi hatua tatu, unapiga. Lini mechi ilikupa nafasi hiyo, isipokuwa kwenye penalti? Mabao mengi hufungwa ndani ya eneo la hatari, kwa mguso mmoja au miwili, mlinzi akiwa amekushika jezi. Kwa wastani ni takriban shuti moja katika kumi linaloingia wavuni, ilhali penalti, inayopigwa kutoka mita 11 bila mtu mbele yako isipokuwa kipa, huingia takriban mara tatu katika nne. Lango ni lilelile la mita 7.32 kwa mita 2.44. Kilichobadilika ni mahali uliposimama na nani amekuzonga, wala si nguvu ya mguu wako. Kwa hiyo, daktari akikuruhusu, baki dakika 15 baada ya mazoezi ya kawaida pamoja na kipa, mtu wa kukupigia pasi na beki mmoja anayekubali kukusumbua, mchana, mwili ukiwa bado una joto. Pokea pasi ukiwa unatembea, geuka, piga. Tumia mguu wako dhaifu nusu ya muda huo. Mashuti 20 ya namna hiyo nayathamini kuliko hayo 100.

Jifunze pia mahali pa kusimama kabla mpira haujaja, kwa sababu mabeki wa wakubwa hawadanganyiki kwa kasi kama wale wa kikosi cha vijana. Simama nyuma ya bega la beki wa kati, mahali ambapo hawezi kukuona wewe na mpira kwa wakati mmoja. Akigeuza kichwa kukutafuta, ameuacha mpira. Akiutazama mpira, amekuacha wewe, na hiyo ndiyo nukta yako ya kuondoka. Mwenzako akifika karibu na mstari wa goli pembeni, walinzi wote hukimbilia langoni mwao, nawe huenda una tabia, kama vijana wengi, ya kukimbia nao. Wakati mwingine simama, au rudi hatua mbili, uisubiri pasi ya kurudishwa nyuma. Kwa mujibu wa sheria za mchezo, mchezaji aliye nyuma ya mpira hahesabiwi kuwa ameotea, kwa hiyo pasi ya namna hiyo inakukuta ukiwa halali, umeelekea lango, na umeachwa peke yako na watu waliokwisha kukupita.

Benchi nalo lina kazi yake. Tangu mwaka 2022 sheria za soka zimeruhusu kwa kudumu wachezaji watano wa akiba kuingia katika mechi za mashindano ya juu, badala ya watatu wa zamani, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu kama wewe. Ole Gunnar Solskjær alifunga mabao manne dhidi ya Nottingham Forest mwezi Februari mwaka 1999 akitokea benchi, na mwezi Mei mwaka huohuo, akitokea benchi tena, akafunga katika muda wa nyongeza bao lililoipa Manchester United ubingwa wa Ulaya mbele ya Bayern Munich. Yeye akiwa amekaa alikuwa akiwasoma mabeki: nani amechoka, nani anaacha nafasi nyuma yake. Wewe ukikaa pale ukifikiria kwa nini hukupangwa, unaingia uwanjani ukiwa mgeni wa mechi uliyoitazama kwa dakika 80.

Suala la winga lisikutie huzuni. Thierry Henry alichezeshwa winga Monaco na Juventus, akafika Arsenal mwaka 1999, kocha Arsène Wenger akamrudisha katikati, na kule pembeni alikotoka akabaki nako kama silaha: alikuwa akianzia kushoto na kuingia ndani, na alifunga mabao 228 kwa klabu hiyo. Kocha anayetaka kukutupa hajisumbui kukufundisha nafasi mpya. Inawezekana kabisa anatafuta njia ya kukuingiza uwanjani pamoja na mkongwe wako badala ya kusubiri aondoke, na huko pembeni utajifunza kukaba, jambo lilelile analolikosa kwako. Kubali, tena kwa uso mchangamfu.

Mkopo ni jambo la heshima, ila lina wakati wake. Harry Kane alipitia Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla ya kupata namba ya kudumu Tottenham, na mwaka 2013 palikuwa na siku ambazo yeye na Jamie Vardy walikaa benchi moja Leicester. Katika msimu wa 2015/16 Kane alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa mabao 25, na Vardy, aliyekuwa na 24, akawa bingwa wa ligi hiyo akiwa na Leicester. Lakini si kila mkopo ulimsaidia Kane. Kule Norwich aliumia mguu na hakucheza mengi. Ukienda, nenda mahali ambapo kocha mwenyewe amekuomba na ameieleza nafasi yako, katika timu inayocheza kwa namna inayofanana na yenu. Ukumbuke pia kwamba kwa kanuni za FIFA, kwa kawaida mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu tatu katika msimu mmoja, lakini anaruhusiwa kucheza mechi rasmi kwa klabu mbili tu. Wewe umeshaichezea yako, kwa hiyo msimu huu una nafasi ya klabu moja nyingine. Usiiteketeze kwa papara. Maoni yangu ni kwamba upone kwanza, uzungumze na kocha, uzitumikie hizo wiki sita, na dirisha la usajili likikaribia mwulize yeye mwenyewe kama anauona mkopo kuwa na manufaa.

Huyo wakala, mwanangu, mwogope. Kususa mazoezi ni kuvunja mkataba wako mwenyewe. Klabu inaweza kukuadhibu, na sifa hiyo itakufuata kila utakapokwenda. Kanuni anayoitaja ipo kweli, lakini amekusomea nusu yake. Inamhusu mchezaji wa kulipwa aliyekwisha kukomaa na kujijengea jina katika taaluma yake, ambaye katika msimu ameonekana katika chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu, na anaweza kuitumia ndani ya siku 15 tu baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu, huku akiwa bado anaweza kudaiwa fidia. Wewe una miaka 19, uko katika msimu wako wa kwanza wa wakubwa, na umeingia mechi tano kati ya 19. Mwombe akuonyeshe leseni yake ya FIFA, maana tangu mwaka 2023 mawakala wanatakiwa kuwa nayo, na wengi wao huipata kwa kufanya mtihani. Mwombe pia jina la hiyo timu ya nje na barua yake. Akianza kuzungukazunguka, una jibu lako. Nje utakwenda, kama utafika huko, ukiwa na mechi miguuni: Mbwana Samatta alikaa TP Mazembe ya Kongo kwa takriban miaka mitano, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, ndipo akahamia Genk ya Ubelgiji mwezi Januari mwaka 2016 akiwa na miaka 23. Didier Drogba alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa akiwa na miaka 21.

Limebaki la mama. Mpigie leo, kabla hajakupigia yeye. Mweleze kwamba umecheza dakika 41 tangu msimu uanze, mweleze na habari ya paja, na umwambie kwamba kesho asubuhi unakwenda kwa daktari. Kisha, ukishatoka kwa daktari, umpigie tena.